Kisahani cha Mama Hershel

Mtaa wa Barclay, Montreal
10 Februari 1974

Kwa binti yangu Perla, niwe kafara yako,

Salamu zangu zikufikie huko Winnipeg kwenye baridi isiyo na huruma, zikukute u mzima, na tumbo lako zima, na huyo aliyemo anakupiga mateke ya afya na si ya ugomvi. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba yako anakusalimu. Goti bado linamsumbua, anapanda ngazi akitukana kila daraja kwa jina lake, lakini kiwandani anakwenda. Bibi yako Hanina anakusalimu na kukubusu macho yote mawili. Kila asubuhi ananiuliza kama umeshajifungua, namwambia bado, ni Juni, naye anasema ninamficha. Mjomba wako Mimoun anakusalimu. Hajaoa, anakula kwangu. Jirani Sultana anakusalimu na binti zake, na yule mumewe asiyesema naye nadhani anakusalimu. Hata mnanaa ulioupanda kwenye kopo dirishani unakusalimu. Haukufa. Na Hershel mkwe wangu mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na zako.

Barua yako ya Januari nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Umesema mpangaji wa juu kwa mama yake Hershel anahama Mei mosi, na kwamba tajiri wa Hershel anaweza kumhamishia Montreal, mkaja kukaa pale juu, mtoto azaliwe huku mikononi mwangu. Nilisoma mpaka hapo nikapiga vigelegele, bibi akadhani umejifungua. Halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona, ukaandika: "Hershel anasema tutarudi endapo nyinyi kina mama wawili mtakuwa na amani. Hataki mtoto wake alelewe kati ya nyumba mbili zinazonuniana."

Perla, tangu siku hiyo naunguza kila ninachopika. Mimi sina ugomvi na Mama Hershel! Ni kweli kwamba siku ya harusi yenu nilipopiga vigelegele aliuliza kama kuna moto. Ni kweli nilisema samaki wao ana sukari kama keki. Nilisema kwa Kiarabu, ni nani aliyemtafsiria? Na mwaka jana, sikukuu ya Purimu, nilimpelekea sigara za nyama, sambusa zetu zile ndefu, nimezikunja mwenyewe, nyembamba kama kidole cha bi harusi, baadaye nikasikia zimeliwa na mwanamke anayemfulia. Sawa. Mfuaji naye ana tumbo. Lakini neno hilo limenikaa hapa kooni mwaka mzima.

Sasa Purimu inakuja, Ijumaa tarehe 8 Machi, na safari hii sahani yangu itatengeneza kila kitu. Sheria ya kupelekeana sahani siku hiyo ni nyepesi: vyakula viwili, tayari kuliwa, kwa mtu mmoja, kwa mkono wa mjumbe, kabla jua halijatua. Sheria ni nyepesi ila watu ndio wazito. Tena mwaka huu maskini amefiwa na baba yake, yule mzee wa kofia, tangu baada ya sikukuu za vuli. Kwetu Meknes, Moroko, aliyefiwa ndiye hupelekewa zaidi, mpaka hana pa kuweka. Nataka nimpelekee kitu kitakachomfanya aseme: kumbe Messody ni mtu.

Nimpelekee nini? Wewe umekaa mezani kwao. Wanapenda nini watu hawa wa Poland, mbali na viazi? Nilifikiria mkate wetu wa Purimu, ule wenye yai zima katikati limefungwa kamba za unga, jicho la Hamani, yule adui aliyetaka kutumaliza siku za Malkia Esta. Mimoun anasema nikimpelekea mkate unaomkodolea macho atapiga simu polisi. Yeye mzaha tu. Mimi silali.

Nijibu upesi, nipate muda wa kumenya lozi.

Mama yako mzazi,
Messody


Winnipeg
19 Februari 1974

Mama yangu mpenzi, shikamoo,

Natumaini u mzima, na baba na goti lake, na Bibi Hanina, umwambie bado, na Mjomba Mimoun, na Sultana na watu wake wote. Mimi sijambo. Miguu imevimba, viatu navaa vya Hershel. Theluji imefika kwenye ukingo wa dirisha la jikoni, na nyumba yetu iko nusu chini ya ardhi, nikiosha vyombo naona miguu ya watu tu wakipita.

Mama, kwanza tulia. Pili, usimpelekee mkate wenye yai. Tafadhali. Kwao yai la kuchemsha ndilo analopewa mtu akirudi makaburini, kitu cha kwanza kuingia mdomoni mwake. Umpelekee mwanamke aliyemzika baba yake mkate wenye yai lake zima? Heri ungempelekea jembe.

Nyama usipeleke. Si kwamba anakudharau. Jiko la mtu mwingine, hata la dada yake wa damu, nyama yake haili. Hata mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nikipika nyama kwake, naye amesimama nyuma yangu kama askari wa forodha. Peleka matunda. Peleka kitu cha dukani chenye muhuri wa rabi wake kwamba ni halali, hapo hana neno. Chokoleti, divai ya zabibu. Ukitaka kuweka mkono wako, weka tende zenye lozi, ila zioshe mbele ya shahidi, natania.

Ukweli ni kwamba anakuogopa, Mama. Aliniambia siku moja: "Mama yako akiingia chumbani mimi najiona nimekuwa kiti." Sikukuambia ili usicheke.

Hershel anasema tajiri wake anataka jibu kabla ya Pasaka. Ninataka kurudi. Naomba Mungu hata nikifua soksi. Usiiharibu, Mama. Sahani ndogo, ya adabu.

Binti yako,
Perla


Montreal
3 Machi 1974

Binti yangu Perla, jicho baya lisikuone,

Salamu kutoka kwa wote uliowataja na wale uliowasahau. Baba yako hajambo, bibi yako hajambo, Mimoun amepata mafua lakini hamu ya kula haijamtoka. Vipi miguu? Ipandishe juu ya mto. Usikae ukitazama miguu ya wapita njia, mtoto atatoka na haraka.

Nimekusikia. Sahani ndogo. Nilikusikia Jumatatu, nikanunua boksi la chokoleti lenye muhuri wa rabi wake, nikaliweka mezani, nikalitazama, nalo likanitazama. Jumanne nikasema, Messody, wewe ni muuza duka? Mwanao anarudi nyumbani kwa sababu ya boksi? Nikampa Sultana. Jumatano nikamenya lozi. Nikasaga, nikajaza tende, nusu nikazipaka rangi ya waridi. Alhamisi nikasema lozi peke yake ni kavu, nikapika jamu ya maganda ya machungwa, kila ganda nimelikunja kama waridi na kulitia uzi. Nyumba nzima inanukia. Baba yako akasema, "Mama Perla, Perla alisema ndogo." Nikamwambia Perla amesema matunda, na chungwa ni tunda.

Halafu nikaogopa jamu imepikwa kwenye sufuria yangu, nikanunua sufuria mpya, nikapika upya. Mimoun ameila ile ya kwanza yote na mafua yake.

Kwa hiyo imekuwa hivi: tende, jamu, ndizi na machungwa mazima, divai yenye muhuri, halua ya ufuta, yenye muhuri pia. Nyama hakuna. Yai hakuna. Kila kitu kwenye sinia la shaba la bibi yako, lile lililotoka Meknes ndani ya blanketi. Najua sinia si dogo. Lakini mimi sijui kupeleka kidogo, Perla. Mtu akipeleka kidogo anasema nini? Anasema: hivi ndivyo unavyonihusu.

Mbona nimelifunika na kulifunua mara nne? Ni chakula tu.

Niombee,
Mama yako


Montreal
10 Machi 1974

Binti yangu Perla,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima. Salamu leo zitakuwa fupi kwa sababu hasira haijanitoka. Usiogope, hakuna mgonjwa.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, uhukumu mwenyewe.

Ijumaa tangu alfajiri sijakaa kitako. Unajua Purimu ikiangukia Ijumaa, siku inakuwa fupi kama shati la kuazima. Ukigeuka Sabato iko mlangoni. Mimoun akavaa tai, nikamfungia sinia kwa kitambaa cheupe, akapanda basi kuuzunguka mlima mpaka kwao. Nikakaa dirishani. Saa sita hivi namwona anarudi, na sinia liko kichwani bado, kama muuza samaki aliyekosa wateja.

"Hayupo?" nikamwuliza.

"Yupo. Nimebisha, akafungua mlango nusu. Nikamwambia, Purimu njema, inatoka kwa mkwe mwenzako. Nikafunua kitambaa, akalitazama sinia, akarudi nyuma kama nimemletea paka mfu. Akasema, 'Mwaka huu hapana. Mwambie asante, lakini siwezi.'"

"Akasema hawezi?"

"Nikamwambia, Madamu, mkono wangu utakatika, nionee huruma. Akasema, 'Siwezi,' akafunga. Polepole lakini akafunga. Dada, hizi tende sasa zimekuwa za nani?"

Perla, sijawahi kuona sinia la bibi yako likirudi limejaa. Huko Meknes halikurudi, kwenye meli halikurudi. Bibi yako alilitazama, akajifunika uso kwa mtandio.

Subiri, sijamaliza. Saa tisa mlango unagongwa. Mzee mmoja wa sinagogi lao, ndevu zimejaa theluji, ameshika kisahani. Kisahani, Perla, cha kuwekea kikombe! "Kutoka kwa Bibi Zylberman." Nikafunua karatasi. Tofaa moja. Biskuti mbili, zile kavu, zisizo hata sukari juu, wanazopewa watu hospitalini kabla ya kupasuliwa.

Mimi nimempelekea bustani, akaifungia mlango. Halafu yeye ananiletea tunda!

Baba yako akasema, "Pokea, Messody. Pokea uweke kabatini, tuwashe mishumaa ya Sabato." Mimoun hata yeye akasema, "Dada, hasira hasara." Lakini mimi damu ilishapanda. Nikamwambia Mimoun avae tena koti. Nikakifunika kile kisahani kwa karatasi yake ileile, nikasema, "Mrudishie. Mwambie Messody anasema asante, lakini mwaka huu na yeye hawezi."

Akaenda. Akarudi dakika za mwisho, mishumaa iko mkononi mwangu. Nikamwuliza alisemaje. "Alikishika kwa mikono miwili."

Sasa niambie, nani amevunja amani? Mwambie Hershel yote. Aisikie kutoka kwetu kwanza.

Mama yako mwenye uchungu,
Messody


Winnipeg
14 Machi 1974

Mama,

Hershel aliisikia kutoka kwao kwanza. Sabato ilipotoka alimpigia mama yake kumtakia juma jema. Unajua neno la kwanza mama yake alilomwuliza? "Nani amekufa kwa Messody?"

Ulimtuma Mjomba akamwambie kwamba mwaka huu na wewe huwezi. Kwao maana yake ni moja tu. Aliyefiwa na mzazi, mwaka mzima hapokei sahani ya Purimu. Hapelekewi. Sahani ni furaha, na yeye yuko kwenye mwaka wake. Mimi sikujua, Mama, naapa. Hershel alijua. Namwuliza mbona hukuniambia, tumeandikiana na mama mwezi mzima habari ya tende, anasema, "Hukuniuliza." Wanaume. Aliyefiwa mwingine kwao, sahani ikishafika mlangoni, hupokea kwa aibu, lakini mama yake hakuweza. Alisema alipoyaona yale maua ya machungwa alitaka kulia, akafunga mlango ili asilie mbele ya Mjomba.

Kupokea hapokei, lakini kutoa lazima atoe. Hata aliyefiwa, sheria haimwachi. Anampelekea mtu mmoja, vitu viwili, tena vya kawaida, bila mapambo. Mtu mmoja tu, Mama. Februari alimwuliza Hershel kwenye simu ampelekee nani. Hershel akamtajia dada yake, mke wa rabi, rafiki yake wa miaka yote. Akasema hapana. "Nitampelekea mama wa Perla. Sisi tutakuwa na mjukuu mmoja."

Kile kisahani ndicho pekee kilichotoka nyumbani mwake. Na jua likatua kikiwa mlangoni kwake, ikawa kama hakumpa mtu yeyote.

Aliingia Sabato akidhani Bibi Hanina amefariki, na kwamba sisi hatukuona umuhimu wa kumjulisha. Hershel ilibidi amwambie hakuna aliyekufa. Mama yake akamwuliza mara mbili kama ana hakika. Halafu akasema, "Basi vizuri. Vizuri kwamba hakuna aliyekufa."

Hershel hataki tena kusikia habari za Montreal. Atamwambia tajiri wake tunabaki huku. Nimechoka, na miguu inauma.

Usiniandikie umepika nini.

Perla


Montreal
20 Machi 1974

Perla mwanangu, kafara yako,

Umesaini Perla tu. Nimegeuza karatasi nyuma kutafuta neno binti, halikuwepo.

Salamu za hapa sitaziandika, hakuna aliyetulia kiasi cha kusalimu. Bibi yako nilipomsomea kwamba alidhaniwa amekufa akacheka mpaka akakohoa, halafu akalia. Baba yako amepanda ngazi bila kutukana daraja hata moja, na hiyo ni mbaya kuliko akitukana.

Sikujua. Ningejua vipi? Kwetu aliyefiwa anajaziwa nyumba. Kwao wanamwachia ukimya. Nani alinifundisha?

Niambie nimpelekee nini. Si sahani, najua, sahani hapana. Nilifikiria supu, lakini ni jiko langu. Nilifikiria mshumaa wa kumkumbuka baba yake, nikaogopa nitakosea tena. Nimefika duka la maua nikakumbuka kwao makaburini hawaweki maua, wanaweka mawe, sasa nimpelekee jiwe? Nimezunguka sokoni mpaka muuza matunda akaniuliza kama nimepotelewa na mtoto. Nikamwambia ndiyo.

Mtu asiyeweza kupokea unampa nini, Perla? Muulize Hershel. Safari hii uliza. Nijibu hata kwa maneno matatu.

Mama yako


Montreal
28 Machi 1974

Binti yangu Perla,

Mtu wa posta sasa ananikwepa. Jana alipita upande wa pili wa barabara.

Hukunijibu, nami sikulaumu. Nakuandikia kukueleza nilikokwenda, kisha ufanye unavyoona.

Jana nilimaliza kusugua kabati moja kwa ajili ya Pasaka, nikasimama na kitambaa mkononi nikajiona mjinga. Nikavaa koti. Baba yako akauliza nakwenda wapi, nikasema kwa Mama Hershel. Akauliza, "Unapeleka nini?" Nikasema, "Sipeleki." Perla, alivua miwani. Tangu anioe hajaniona nikiingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi, hata watoto wanajua.

Nilikuwa karibu nishindwe. Nilipobadilisha basi kulikuwa na duka la keki, miguu ikaingia yenyewe, nikatoka na boksi. Nikaliona mkononi mwangu nikashtuka. Nikampa mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri basi. Akaniuliza kama ni dini mpya.

Nikagonga. Akafungua nusu, kama alivyosema Mimoun. Nguo nyeusi, soksi nzito, amekonda. Alinitazama usoni, kisha mikononi, nami nikaifungua yote miwili aione, kama watoto wanaokaguliwa kucha shuleni.

"Madamu Zylberman," nikasema, "nimekuja kula."

Unajua Kifaransa chake, ni kama viatu vya kuazima. Akasema, "Kula nini?"

"Tofaa."

Akautegemea mlango. Halafu akasema, "Lile nililila mwenyewe Jumapili. Halikuwa tamu."

"Basi lingine."

"Yaliyopo ni ya kupika. Makali."

"Hilohilo kali."

"Purimu imepita, Messody." Ni mara ya kwanza kuniita jina.

"Najua imepita. Kalenda naweza kusoma. Nina njaa."

Akafungua mlango wote.

Jikoni kwake hakukuniogopesha kama nilivyodhani. Kuna kiti kimoja kifupi karibu na dirisha, cha baba yake, nikauliza kwanza kabla ya kukaa popote. Hilo nimejifunza. Akachukua tofaa, akalifuta kwa aproni yake kwa muda mrefu, akalikata, akaweka biskuti mbili kavu pembeni, kwenye kisahani kilekile. Akakisukuma mbele yangu kwa kidole kimoja, kama anayesukuma kitu kwa mbwa asiyemjua.

Nilikula. Lilikuwa kali, Perla, meno yaliniuma mpaka masikioni. Biskuti moja nikaimaliza yote, ikanikwama, akanipa maji. Yeye hakula, alinitazama tu. Mimi ndiye huwatazama watu wakila! Sikujua kama kutazamwa ni kazi ngumu hivyo.

Nikamwambia, "Nilikurudishia. Sikujua."

Akasema, "Na mimi nilikufungia. Nilijua hujui. Ningeweza kusema maneno mawili, nikashindwa, Kifaransa kilinikimbia chote." Halafu akasema, "Yale machungwa. Ni wewe uliyeyakunja?"

"Kwa uzi."

"Baba angeyapenda. Alikuwa anakula machungwa na maganda yake, kama mbuzi." Akacheka, akajiziba mdomo kwa mkono, akaona haya kama amecheka msikitini kwa watu. Nikageuka nikatazama dirisha mpaka akamaliza, maana baadaye hakikuwa kicheko tena.

Tulipanda juu. Ndiyo, juu. Mpangaji alikuwepo, anafunga vitu vyake, akatufungulia. Chumba cha nyuma kina jua. Yeye anasema kitanda cha mtoto kikae dirishani, nikamwambia dirishani kuna upepo, unataka kumuua? Akasema Hershel alilala dirishani na hakufa. Nikasema ndiyo maana Hershel yuko alivyo. Mpangaji akatoka chumbani. Tumegombana, sitakuficha, lakini ni ugomvi wa watu wanaokaa, si wa watu wanaoondoka. Kitanda tumeacha katikati ya chumba mpaka mje muamue.

Nilimwomba ampigie Hershel. Akakataa. "Nikimpigia mimi atasema umenilazimisha. Mwandikie binti yako. Hershel akikataa la mkewe, hapo nitapiga, na hatapenda."

Wakati wa kuondoka akanishikisha kisahani, biskuti ya pili iko juu yake, imefunikwa karatasi. "Hii ya Perla," akasema. Nikapokea kwa mikono miwili. Nilikuwa tayari nimekaa kwenye basi ndipo akili ikaniingia. Kisahani cha watu huwezi kukirudisha kitupu, bibi yangu angetoka kaburini. Na kukirudisha na kitu siwezi, mpaka mwaka wake uishe, baada ya sikukuu za vuli. Kitupu hapana, kimejaa hapana! Nilicheka peke yangu mle ndani, dereva akanitazama kwenye kioo. Sijui kama alikusudia. Bibi yako anasema alikusudia, anasema mwanamke huyo ana akili kuliko sisi wote.

Kwa hiyo kiko kwenye rafu yangu, kati ya chumvi na majani ya chai, na kila nikipita kinanitazama. Vuli ikifika nitakijaza, na mtu atakayekipeleka hawezi kuwa Mimoun, Mimoun sasa anaona haya hata kupita mtaa ule. Nataka akipeleke mtu anayekaa juu pale, ashuke ngazi zile akiwa na mtoto mkono mmoja na kisahani mkono wa pili. Polepole, ngazi ni za chuma na asubuhi zina utelezi.

Biskuti nimeitia humu ndani ya barua. Najua itafika unga. Nyunyiza mkononi, ule, na kidogo umpe Hershel, umwambie imetoka kwa mama yake kwa mkono wa mama yako, aitafune vizuri kabla hajasema neno lolote kwa tajiri wake.

Wote wanakusalimu, leo kwa majina yao yote: baba yako, Bibi Hanina ambaye hajafa, Mimoun, Sultana, na mnanaa. Na Mama Hershel. Ameniagiza nimwandike wa mwisho, asionekane anajipeleka mbele.

Pasaka inaingia wiki ijayo, Jumamosi jioni, na posta ya Winnipeg ni ya kobe. Usingoje kuandika barua nzuri. Andika neno moja, ndiyo au hapana, au nenda kwenye simu ya kazini kwa Hershel umpigie Sultana, nitakaa kwake jikoni mchana kutwa. Upesi, mwanangu. Upesi.

Mama yako mzazi,
Messody